Mwenzako akishtakiwa, nyumba yenu itakuwaje? Somo kuhusu hisa ya mke au mume katika mali ya pamoja

Kaptembwo ni mojawapo ya wadi sita za eneo bunge la Nakuru Mjini Magharibi. Kwa familia nyingi hapa, mali kubwa kuliko zote ni ploti moja: vyumba kadhaa vya kupangisha, kimoja au viwili vya familia yenyewe, na pengine kibanda cha biashara upande wa barabara. Mara nyingi ploti hiyo imepatikana kwa jasho la watu wawili. Mmoja alichukua mkopo wa Sacco, mwingine akanunua mawe na mabati, na mmoja akabaki nyumbani kulea watoto na kusimamia fundi. Lakini ukiuliza karatasi ziko kwa jina la nani, mara nyingi utatajiwa jina moja tu.

Hali hiyo haisumbui mtu siku za amani. Husumbua siku ambayo mmoja wao anashtakiwa kwa wizi, ulaghai, ufisadi au biashara ya dawa za kulevya, na serikali ikaenda mahakamani kuomba mali itaifishwe. Yule ambaye hakushtakiwa huuliza: na sehemu yangu?

Somo la toleo hili linajibu swali hilo. Tumelipanga hatua kwa hatua ili msomaji aweze kulifuata hata kama hajawahi kuingia mahakamani. Tunazungumzia mke na mume kwa usawa, kwa sababu sheria ni moja kwa wote wawili.

Sheria zinazohusika

Msingi ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 40 kinalinda haki ya kila mtu kumiliki mali, peke yake au pamoja na wengine. Lakini kifungu hicho hicho, katika sehemu ya sita, kinasema ulinzi huo hauifikii mali iliyothibitishwa kwamba ilipatikana kinyume cha sheria. Kifungu cha 45 nacho kinasema wanandoa wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na ndoa inapovunjika. Kesi nyingi za aina hii huhusu vifungu hivi viwili: haki ya mmoja kubaki na chake, na haki ya umma kurudishiwa kilichoibwa.

Chini ya Katiba kuna sheria nne ambazo mkaazi anafaa kuzijua kwa majina. Ya kwanza ni Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kupambana na Ulanguzi wa Pesa ya mwaka 2009. Sheria hii ndiyo iliyounda Shirika la Kutwaa Mali, linalojulikana zaidi kama ARA. Ya pili ni Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003, ambayo hutumiwa na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Ya tatu ni Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Ya nne ni Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012.

Sheria mbili za kwanza zinaipa serikali nguvu ya kuchukua mali. Mbili za mwisho zinamwezesha mwanandoa kuonyesha kwamba sehemu ya mali hiyo ni yake.

Njia mbili ambazo serikali hutumia

Wengi hudhani kwamba mali haiguswi mpaka mtu afungwe. Dhana hiyo si sahihi, na imewagharimu watu. Kuna njia mbili, na kila moja inaigusa hisa ya mwanandoa kwa namna yake.

Njia ya kwanza hufuata hukumu ya jinai. Mtu akipatikana na hatia, mahakama inaweza kuchunguza amenufaika kwa kiasi gani kutokana na kosa lake, kisha ikamwamuru ailipe serikali kiasi fulani cha pesa. Deni hilo ni la mtu aliyehukumiwa. Linaweza kulipwa kutoka kwa mali yake yoyote, hata ile aliyoipata kihalali miaka mingi kabla ya kosa. Zawadi alizowapa watu wengine bila kulipwa thamani ya haki nazo zinaweza kuhesabiwa. Lakini kwa kuwa deni ni lake peke yake, hisa halali ya mke au mume si mali ya kulilipia.

Njia ya pili haiangalii mtu, inaangalia mali. Shirika la ARA huenda Mahakama Kuu na kusema kwamba nyumba hii, gari hili au akaunti hii ni mapato ya uhalifu, au ilitumika kutenda uhalifu. Hapa hakuna haja ya mtu kuwa amehukumiwa. Kiwango cha ushahidi ni kile cha kesi za madai: mahakama hupima ni upande upi unaoelekea zaidi kuwa kweli. Hata mshtakiwa akiachiliwa katika kesi ya jinai, amri ya kutaifisha mali inaweza kusimama. Upande wa mwenye mali, amri ikitolewa huchukua kila kitu kilichotajwa ndani yake, isipokuwa sehemu ambayo mtu mwingine amejitokeza na kuithibitisha kuwa yake.

EACC nayo ina njia inayofanana na hii ya pili kwa mali isiyoelezeka, yaani mali isiyolingana na mapato halali ya mtu anayeshukiwa kwa ufisadi. Tume humpa mhusika nafasi ya kueleza aliipataje. Asiporidhisha, huenda mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliidhinisha amri dhidi ya aliyekuwa meneja wa fedha wa shirika moja la umma, aliyetakiwa kulipa zaidi ya Sh41 milioni kwa mali ambayo hakuweza kuieleza. Mke au mume afahamu jambo moja kuhusu sheria hii: mali iliyo kwa jina lako inaweza kuhesabiwa kuwa ya mwenzako ikiwa mahakama itaona unamshikia tu, au alikupa kama zawadi au mkopo bila wewe kutoa thamani inayofaa.

Hisa ya mwanandoa hupimwaje?

Sheria ya Mali ya Ndoa inasema mali ya ndoa ni nyumba ya familia, vyombo vilivyomo, na mali nyingine ambayo wanandoa wanaimiliki kwa pamoja na waliipata wakiwa katika ndoa. Umiliki hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja.

Mchango si pesa peke yake. Sheria inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shambani. Mama aliyekaa nyumbani akisimamia wapangaji na kukusanya kodi alikuwa akichangia.

Sheria hiyo pia inaweka dhana mbili za kuanzia. Kama mali ilinunuliwa wakati wa ndoa na ikaandikwa kwa jina la mmoja, mahakama huanza kwa kudhani anaishikilia pia kwa niaba ya mwenzake. Kama imeandikwa kwa majina ya wote wawili, mahakama huanza kwa kudhani hisa zao ni sawa. Dhana hizi zinaweza kupinduliwa kwa ushahidi.

Watu wengi husikia “haki sawa” na kuelewa “nusu kwa nusu”. Mahakama ya Juu ilifafanua jambo hili Januari 27, 2023. Ilisema usawa wa Kifungu cha 45 haumaanishi kila mmoja apewe nusu moja kwa moja. Kila mmoja anathibitisha mchango wake, na mahakama inapima. Katika kesi hiyo yenyewe mke alibaki na nusu, lakini ni kwa sababu mchango wake ulithibitishwa.

Je, wale wanaoishi pamoja bila ndoa rasmi? Januari hiyo hiyo, mahakama hiyo hiyo ilisema kuishi pamoja tu hakutoshi kuwa ndoa. Hata hivyo, iliamua kwamba mtu aliyechangia kununua au kujenga anaweza kutambuliwa kuwa na sehemu yake, kwa sababu aliyeandikwa kwenye hati anaishikilia kwa niaba ya wote wawili. Kwa hiyo usikate tamaa kwa kuwa hamkuwahi kuandikisha ndoa. Lakini ujue kwamba hapo mzigo wa kuthibitisha ni mzito zaidi.

Sasa tufike kwenye kizuizi. Kanuni hizi zote zinaamua nani anamiliki nini kati ya wanandoa wawili. Hazisafishi pesa chafu. Kazi ya nyumbani inakupa sehemu katika mali halali ya familia. Haiwezi kugeuza nyumba iliyojengwa kwa pesa za wizi kuwa mali halali. Ndiyo maana mbele ya serikali swali la kwanza huwa ni pesa zilitoka wapi, na la hisa yako huja baada ya hilo.

Mambo matatu ambayo mahakama itataka kujua

Mtu anayedai sehemu katika mali inayotaka kutaifishwa chini ya sheria ya mwaka 2009 anatarajiwa kuonyesha mambo haya:

1. Kwamba hakuhusika kwa njia yoyote katika kosa.
2. Kwamba alipata sehemu yake kihalali, na kwa kutoa thamani inayolingana nayo.
3. Kwamba kama aliipata wakati kosa linatendeka au baadaye, hakujua na hakuwa na sababu ya kushuku kwamba mali hiyo ilitokana na uhalifu.

Jambo la tatu ndilo huwashinda wengi. Mahakama haiulizi tu kama uliambiwa. Inauliza kama mtu mwenye akili timamu, aliyekaa nyumba moja na mshtakiwa, angeshuku. Mtu wa mshahara wa Sh30,000 akileta nyumbani Sh500,000 taslimu, jibu la “sikuuliza” halitakusaidia sana.

Mifano minne

Mifano hii ni ya kufundishia tu. Haimhusu mtu yeyote.

*Mfano wa kwanza: ploti safi, mume mwenye deni.* Mke na mume walinunua ploti mwaka 2011 kwa mishahara yao na mkopo wa Sacco. Hati ina majina mawili. Mwaka 2020 mume aliiba kazini, akahukumiwa, na mahakama ikaamua alinufaika kwa Sh3 milioni. Ploti sasa ina thamani ya Sh2 milioni. Ploti yenyewe si mapato ya uhalifu, kwa hiyo njia ya pili haiifikii. Lakini kwa njia ya kwanza, hisa ya mume inaweza kulipia deni lake. Kama hisa ni sawa, Sh1 milioni ni yake na inaweza kuchukuliwa. Sh1 milioni ya mke hubaki yake. Deni linalosalia ni la mume. Hatari kwa mke ni nyumba kuuzwa ili pesa zigawanywe. Anaweza kuiomba mahakama impe nafasi ya kununua hisa ya mume badala ya kuuziwa mtu wa nje.

*Mfano wa pili: pesa zilizochanganyika.* Mke alinunua ploti kwa Sh600,000 za mkopo wa Sacco alioulipa kwa biashara yake ya mboga. Miaka mitano baadaye mume alijenga vyumba kumi kwa Sh2.4 milioni za ulaghai. Jumla ni Sh3 milioni, na mchango wa mke unaoonekana ni moja ya tano. Akiwa na karatasi za Sacco na makubaliano ya kununua ploti, ana msingi wa kuomba sehemu hiyo itengwe. Aliipata kabla ya kosa, kwa hiyo swali la kushuku halimbani kwa ploti. Litambana akidai pia sehemu ya vyumba. Na asipokuwa na karatasi hizo, Sh600,000 zake zinazama ndani ya Sh2.4 milioni na hakuna wa kuzitenganisha.

*Mfano wa tatu: jina la mke, pesa za mume.* Nyumba imeandikwa kwa jina la mke peke yake. Yeye hana kazi wala biashara inayoweza kuelezea bei yake. Pesa zote zilitoka kwa mume wakati ule ule anaodaiwa kupokea hongo. Hapa jina kwenye hati halimsaidii mke. Mahakama inaweza kuona ni zawadi, au kwamba anamshikia mumewe.

*Mfano wa nne: chombo cha uhalifu.* Gari lilinunuliwa kwa pesa halali za wote wawili. Mume alikamatwa akisafirisha bangi nalo. Gari si mapato ya uhalifu, bali lilitumika kuutenda. Linaweza kutaifishwa hata hivyo. Mke atahitaji kuonyesha kwamba nusu ni yake, na kwamba hakuhusika wala hakujua gari linatumiwa hivyo.

Nchi nyingine zimeamuaje?

Swali hili si la Kenya peke yake. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bennis dhidi ya jimbo la Michigan. Mume alikuwa ametumia gari la familia kufanya ngono na kahaba mjini Detroit. Gari lilikuwa la mke pia, na hakujua lolote. Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba linaweza kuchukuliwa lote na mke asilipwe chochote. Uamuzi huo ulilaumiwa sana, na mwaka 2000 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwalinda wenye mali wasio na hatia katika kesi za serikali kuu.

Uingereza imeelekea upande mwingine. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa huko iliamua kesi ya mke ambaye mumewe alihukumiwa kwa dawa za kulevya. Iliona kwamba mke alikuwa na nusu yake katika nyumba ya familia, na kwamba kujua kwake kuhusu chanzo cha pesa za kulipia mkopo wa nyumba peke yake hakukuifuta nusu hiyo.

Sheria yetu iko katikati. Inamtambua mwenye sehemu asiye na hatia, tofauti na Michigan ya 1996. Lakini inamuuliza alijua nini, na inamtaka ajitokeze mwenyewe.

Hesabu siku

Haki hii ina muda. Mtu mwenye hoja nzuri anaweza kuipoteza kwa kuchelewa. Chini ya sheria ya mwaka 2009, mambo huenda hivi:

Kwanza, Mahakama Kuu hutoa amri ya kuzuia mali isiuzwe wala kuhamishwa. Amri hii inaweza kutolewa kabla wewe hujaambiwa lolote.

Pili, ndani ya siku 21, ARA inapaswa kuwaarifu watu wote wanaojulikana kuwa na sehemu katika mali hiyo, na kuchapisha ilani katika Gazeti Rasmi la Kenya.

Tatu, una siku 14 za kupeleka ilani yako kwa maandishi kwamba unapinga mali kutaifishwa, au kwamba unaomba sehemu yako itengwe. Kama uliletewa barua, siku huhesabiwa tangu uipokee. Kama hukuletewa, huhesabiwa tangu ilani ichapishwe gazetini. Ilani yako iambatane na hati ya kiapo inayosema wewe ni nani, sehemu yako ni ipi na kubwa kiasi gani, na ushahidi unaoutegemea.

Nne, amri ya kuzuia huisha siku 90 baada ya kuchapishwa gazetini, isipokuwa ARA iwe imeshaomba mali itaifishwe. Kwa kawaida huomba kabla ya siku hizo kuisha. Usizisubiri ukitumaini zitapita.

Kwa kesi za EACC muda ni tofauti. Ukiletewa amri ya kuzuia mali chini ya sheria ya mwaka 2003, una siku 15 za kuiomba mahakama iiondoe au iibadilishe.

Angalia hatari iliyo hapo. Kama jina lako haliko kwenye hati, huenda hakuna anayejua kwamba una sehemu, na hakuna barua itakayokujia. Siku zako 14 zitaanza kuhesabiwa gazetini wakati wewe uko sokoni. Kwa hiyo mwenzako akikamatwa kwa kosa la pesa, usingoje barua. Tafuta wakili mapema, na uanze kufuatilia Gazeti Rasmi. Hupatikana pia mtandaoni bila malipo.

Familia itakula nini wakati akaunti zimefungwa? Sheria inairuhusu Mahakama Kuu kutenga pesa za matumizi ya lazima ya familia na za wakili kutoka kwa mali iliyozuiwa. Ni lazima uombe, uonyeshe huna njia nyingine, na ueleze mali yako yote chini ya kiapo. Isome pia amri yenyewe kwa makini, au usomewe, ujue kama inagusa kodi ya wapangaji. Kuendelea kuitumia kodi iliyozuiwa ni kuvunja amri ya mahakama.

Karatasi zinazoongea kwa niaba yako

Karibu kesi zote za aina hii huamuliwa na karatasi. Anza kuziweka leo, hata kama hakuna kesi yoyote:

- Makubaliano ya kununua ploti, yenye tarehe, bei, sahihi na mashahidi.
- Taarifa za mkopo wa Sacco au benki, kuonyesha ulikopa lini na umelipa vipi.
- Rekodi za chama zinazoonyesha siku uliyopokea zamu yako na kiasi.
- Taarifa za M-Pesa za malipo kwa muuzaji, fundi au duka la vifaa vya ujenzi.
- Risiti za mawe, saruji, mabati na usafiri.
- Cheti cha ndoa. Ndoa za kimila nazo zinapaswa kuandikishwa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014.
- Kitabu cha kodi ya wapangaji, kama wewe ndiye uliyekiandika.

Nyingine ziko katika ofisi za kaunti. Risiti za kodi ya ardhi zinaonyesha nani amekuwa akilipia ploti. Kibali cha ujenzi kina jina la aliyeomba na tarehe. Leseni ya biashara ya kila mwaka inaonyesha kwamba kibanda chako cha mboga kilikuwepo na kilikuwa chako. Mtu aliyefanya biashara miaka minane bila leseni hata moja kwa jina lake atapata shida kumweleza jaji mtaji wake ulitoka wapi. Ukilipa, hakikisha jina lililoandikwa ni la mlipaji wa kweli.

Kuhusu hati ya ardhi, hakikisha majina ya wote wawili yameandikwa mapema, wakati hakuna kesi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ina umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambao bila ruhusa ya mahakama ni wa wanandoa peke yao, na ambapo mmoja akifa mwingine huchukua yote. Ina pia umiliki wa hisa, ambapo sehemu ya kila mmoja huandikwa. Kwa familia ambayo mchango wa kila mmoja unajulikana, umiliki wa hisa huacha alama iliyo wazi zaidi. Mwanandoa ambaye hayuko kwenye hati anaweza kuweka tahadhari katika rejista ya ardhi ili mali isiuzwe bila yeye kujua. Tahadhari hiyo haiizuii serikali kudai mali, lakini inaonyesha kwamba ulidai sehemu yako kabla ya matatizo kuanza.

Mambo ya kuepuka

Usikubali kuandikishwa mali baada ya mwenzako kuanza kuchunguzwa. Uhamisho wa namna hiyo huonekana kama kuficha, na unaweza kukufanya wewe mwenyewe kuwa mshtakiwa. Adhabu ya ulanguzi wa pesa kwa mtu binafsi ni kifungo cha hadi miaka 14, au faini ya hadi Sh5 milioni au thamani ya mali inayohusika, kubwa kati ya hizo mbili, au vyote viwili.

Usitengeneze risiti wala makubaliano yenye tarehe za zamani. Karatasi moja ya uongo ikigunduliwa, zile za kweli nazo hazitaaminika.

Usimtegemee wakili wa mwenzako. Yeye ana mteja wake. Mshtakiwa anaweza kunufaika akisema pesa zote zilikuwa zako, na wewe unaweza kuumia kwa maneno hayo hayo. Tafuta wako.

Usitie sahihi hati ya kiapo ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa.

Jipime

*1. Mume wangu ameachiliwa na mahakama ya jinai. Je, nyumba iko salama?* La. Kesi ya kutaifisha mali ni tofauti na inaweza kuendelea.

*2. Hati ina majina yetu mawili. Je, nusu yangu imelindwa?* Umeanza vizuri, kwa sababu mahakama itaanza kwa kudhani hisa ni sawa. Lakini kama nyumba yote ilinunuliwa kwa pesa za uhalifu, jina lako halitoshi. Utaulizwa ulitoa nini na ulijua nini.

*3. Mke wangu ni mfanyakazi wa umma na anachunguzwa na EACC. Mimi nina duka langu. Je, duka litaguswa?* Kama ulilianzisha kwa mtaji wako na una rekodi, una la kujibu. Kama mtaji ulitoka kwake bila maelezo, linaweza kuhesabiwa kuwa lake.

*4. Sikupokea barua yoyote. Je, siku zimeanza kuhesabiwa?* Zinaweza kuwa zimeanza, tangu ilani ilipochapishwa katika Gazeti Rasmi.

Msaada unapatikana wapi?

Serikali ya kaunti haina mamlaka juu ya mahakama, ARA wala EACC. Hizo ni taasisi za kitaifa, na ofisi za kaunti haziwezi kuondoa amri ya kuzuia mali. Tunachoweza ni kukupa nakala za rekodi zako za kodi ya ardhi, vibali na leseni. Uje na kitambulisho na namba ya ploti.

Kwa asiyeweza kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Anza kwa kuuliza katika mahakama za Nakuru, na utaje mapema kwamba suala lako lina siku za mwisho. Kwa rekodi za hati za ardhi, nenda kwa msajili wa ardhi Nakuru.

Somo hili ni la kuelimisha na halichukui nafasi ya ushauri wa wakili aliyezisoma karatasi zako. Ila kuna jambo moja ambalo halihitaji wakili. Leo jioni, wewe na mwenzako ketini mtoe karatasi zote za ploti, muone majina yaliyoandikwa na risiti zilizopo, na mjue ni zipi zinakosekana. Zinazokosekana zitafuteni sasa, kwa kuwa kesi ikishaanza mtakuwa na siku 14 tu.